Muhtasari wa kurasa 9, bado ni muhtasari?

Katibu_Kibosho

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Mimi ni katibu wa AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ya kahawa huku Kibosho, Moshi. Jumamosi tulipofika kwenye kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, mzee mmoja akayanyanyua makaratasi yangu juu, akayapima mkononi kama mtu anayekadiria kilo za parachichi, akasema, "Katibu, huu nao ni muhtasari? Kurasa tisa?" Kicheko ukumbi mzima. Mwalimu mmoja wa sekondari naye akadakia kwamba yeye akisikia muhtasari anajua ni ule wa somo, wa Taasisi ya Elimu. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi. Hili neno limetoka wapi, na maana yake hasa ni ipi? Na mbona barua nyingine za ofisi zinaandika "muhutasari"?

Mama_Hatimkato

Marahaba mwanangu. Niko Njiro, Arusha, nimestaafu. Nilisomea uhazili Tabora na nimekuwa katibu muhtasi maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo hapa umegusa penyewe.

Neno ni la Kiarabu, mukhtasar, kilichofupishwa. Kitenzi chake kina maana pia ya kushika njia ya mkato, na mzizi wake ndio uliozaa khasr, yaani kiuno, pale mwili unapobana. Ile kh tumeilainisha ikawa h, kama tulivyofanya kwa khabari na khatari. "Muhutasari" ni ulimi wetu unaochomeka irabu ili h na t zisigongane. Kutamka tamka, hakuna atakayekufunga, ila kamusi zinaandika muhtasari, wingi mihtasari, na barua ya ofisi ifuate kamusi.

Wengi hudhani katibu muhtasi ameitwa hivyo kwa kuwa anaandika mihtasari. Sivyo. Muhtasi ni ndugu yake mahsusi na hasa. Ni katibu wa mkubwa fulani maalumu. Ndiyo maana ofisi nyingine zinaandika katibu mahsusi. Nimewaeleza hilo mabosi wengi na sidhani kama kuna aliyenisikiliza.

Tuje kwenye kurasa tisa. Kikao cha kutwa nzima chenye ajenda kumi kinaweza kuzifikia kihalali, kwa hiyo mzee wako asikutishe bure. Wasiwasi wangu ni kilichomo. Sisi tulifundishwa hatimkato, ule mwandiko wa alama za haraka, mpaka maneno 100 kwa dakika, Kiswahili na Kiingereza, kwa hiyo mtu akiongea nusu saa ninayo yote daftarini, pamoja na kikohozi chake. Kazi yenyewe inaanza ukishakaa kwenye mashine ya chapa. Nakisia ulichoandika wewe ni hivi: "Mjumbe alisimama akasema kwamba kwa maoni yake mizani imechoka na kwamba hata msimu uliopita alilisema hili, ndipo mjumbe mwingine akamjibu kwamba mizani haina tatizo ila wapimaji ndio wenye haraka, mwenyekiti akawaomba watulie…" Mimi ningeandika:

"Mizani: Wajumbe walitofautiana kuhusu usahihi wake. Kikao kiliazimia ikaguliwe na Wakala wa Vipimo kabla ya msimu kuanza. Mhusika: Meneja."

Basi. Kikao kijacho, kwenye yatokanayo na kikao kilichopita, meneja anaulizwa kuhusu mstari huo na hana pa kujificha. Kwenye ile aya yako ndefu atajificha vizuri tu. Anayetaka kila neno lililotamkwa akasome Hansard ya Bunge, ile ndiyo kazi yake.

Mwl_Sakina

Namtetea mwalimu mwenzangu wa Kibosho. Mtaala ndio mpango mzima wa elimu. Muhtasari wa somo unachukua sehemu ya somo moja na kuionesha kwa ufupi, mada gani, umahiri gani, vipindi vingapi. Ufupisho uleule, umekwenda darasani. Kwenye karatasi ya mtihani tunasema "fupisha habari uliyosoma", na ukifungua jarida kama Mulika, makala inatanguliwa na ikisiri, yaani ufupisho wake. Kinachoniudhi ni watu kuita muhtasari "dondoo". Dondoo unalichomoa lilivyo. Muhtasari unauandika upya kwa maneno yako.

Ustaadh_Majengo

Assalaam alaykum. Kwetu sisi tuliokalia mkeka wa chuoni, mukhtasar ni aina ya kitabu kabla ya kuwa karatasi ya kikao. Al-Muzani, mwanafunzi wa Imamu Shafi, aliyefariki mwaka 264 Hijria (878 Miladia), alifupisha elimu ya mwalimu wake, na kitabu chake kinajulikana kwa jina hilohilo, Mukhtasar. Wamaliki, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Malik, nao wana cha kwao, cha Khalil wa Misri. Sasa sikiliza kituko. Kile kifupi cha al-Muzani kikahitaji kufafanuliwa, na sharhe ya al-Mawardi wa Baghdad, aliyefariki 1058, ni majuzuu kwa majuzuu! Kaka katibu, ukibana mno watakuja watu kukutanua.

Wakili_Mtarajiwa

Warumi pia walikuwa na yao. Mwaka 533 Kaizari Justinian alitangaza Digesta, vitabu 50 vya maoni ya wanasheria, kazi iliyosimamiwa na Tribonian. Wenyewe walijisifu kwamba mistari milioni 3 wameishusha hadi 150,000. Na neno lao la Kilatini linahusu zaidi kupanga vitu kwa mafungu kuliko kuvikata. Kurasa 9 si kitu, mkuu.

Katibu_Kibosho

Asanteni sana wote. Mama, la mwisho: mjumbe akidai maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema je? Tunaye mmoja, kila ajenda anadai hivyo.

Mama_Hatimkato

Mwenyekiti akiridhia, yaandike, na jina lake uliweke hapohapo. Kisha msomee mbele ya wajumbe kabla hujafunga daftari. Wa kwangu, kila nilipomsomea, alikuwa anasema, "Aa, hiyo sehemu ya mwisho iache."