Kanifananisha na kangomba, mlanguzi wa korosho wa magendo, mbele ya mkwe wangu, kisa neno "bid"!

Wakuu wa Kusini, nimetoka mkutano wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, sasa hivi, damu inachemka. Mnamjua aliyenichemsha: yule jamaa wa kalamu tatu mfukoni.

Bei za mnada wa korosho zinasomwa, nikanyoosha mkono: hii "bid" ya mnunuzi wa tatu mbona imelala? Akaruka kama kaingiwa na siafu: "Sema tender! Hata mtu wa kangomba anajua tofauti!"

KANGOMBA! Mimi ninayepeleka korosho ghalani tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze 2007! Mkwe wangu mstari wa mbele akainama kufunga kamba za viatu, na amevaa kandambili!

Tender ni ule mwaliko na utaratibu wake: leteni bei kwa maandishi, bahasha imefungwa, siku fulani tunafungua. Bid ni bei anayoweka mnunuzi, iwe kwenye bahasha, iwe mnadani anapopandisha dau. Ndani ya tender mna bid kama ndani ya ganda mna korosho. Sawa, Waingereza hata ile barua ya bei huiita tender, lakini hilo linaifanyaje bid iwe kosa? Tena siku hizi tunauza mnadani TMX, soko la bidhaa la mtandaoni, bahasha iko wapi?

Halafu mwenyewe akasema "bidded"! Leo bid, jana bid, hata kamusi ya mtoto inayo. Huyo ndiye wa kuniita kangomba?

Mchele_wa_Korosho: Pole mkuu. Bei ilikuwa shilingi ngapi? Umeandika gazeti zima hujaitaja.

Newala Juu: Mimi tender naijua ya nyama laini 😂 Kangomba kakasirika!

Mleta uzi: Usirudie hilo neno! Mbele ya mkwe, we unaona sawa?

Bibi Mabibo: Kalamu tatu huyo huyo kaniambia korosho zangu mbichi, daraja la pili. Nimezianika mpaka kuku wamezichoka.

Nachingwea Finest: Nyie mnapigania Kiingereza, huku salfa, dawa ya mikorosho, imefika mikorosho imeshamaliza maua. Ugonjwa wa ubwiri unga umekula shamba zima.

Mleta uzi: Jamani, mada ni bid na tender.

Bibi Mabibo: @Nachingwea ninyi mlipewa ya unga au ya maji?

Nachingwea Finest: Ya unga. Mifuko miwili kwa ekari nane.

Newala Juu: Miwili?? Sisi mmoja!