UKOO WA KIBOSHO 🍌

Anko Elia: *Imesambazwa* "TUMBO LINA SELI ZA NEVA NYINGI KULIKO UBONGO!! Tuma kwa watu 10"

Anko Elia: aisee hii kweli? ndo maana mie nikiwaza ada tu tumbo linaanza kuunguruma

Neema: shikamoo anko. hapo wametia chumvi 😂 ubongo una kama bilioni 86, za tumboni wanakadiria milioni 100 mpaka 500 ivi, hata ukichukua hiyo ya juu kabisa haifiki asilimia 1

Anko Elia: marahaba dokta wetu

Mamkubwa: milioni mia zote hizo za kusukuma mtori tu??

Neema: sio kusukuma tu mamkubwa, zimejipanga ndani ya ukuta wa njia ya chakula kuanzia kooni mpaka mwisho kabisa, safu moja iko katikati ya misuli ndo inasukuma, nyingine iko ndani zaidi inashughulika na majimaji na damu, na wala hazisubiri amri ya ubongo. 1899 kule London wanasayansi wawili, Bayliss na Starling, walikata neva zinazoingia kwenye utumbo wa mbwa na bado ukaendelea, nyuma unabana mbele unalegea, chakula kinasogea

Anko Elia: kwahiyo linawaza lenyewe

Neema: haliwazi anko, ada hailijui 😅 ni ubongo ukiwa na wasiwasi ndo unalivuruga. ila neva ya vagasi inayounganisha hivyo viwili, nyuzi zake nyingi zinapeleka habari juu, za kuleta amri chini ni chache

Mama Junior: asa zisipokuwepo je hizo seli

Neema: kuna vichanga wanazaliwa kipande cha mwisho cha utumbo mpana hakina kabisa, unaitwa ugonjwa wa Hirschsprung, misuli ipo mizima ila hamna wa kuiambia ilegee, choo kinakwama tumbo linavimba, mpaka afanyiwe upasuaji wakitoe kile kipande waunganishe palipo pazima. kichanga akimaliza siku mbili hajapata kile choo cheusi lazima aangaliwe

Mama Junior: mbe! kumbe ndo maana manesi kila anayeingia "mama, amepata choo?" nikajua wananisumbua tu na usingizi wangu

Mamkubwa: na alivyokipata ukampigia simu kila mtu mpaka shemeji yuko kwenye daladala 😂😂