Naomba ushauri: majira ya zamani yanatoka na kosa la saa moja

Habari zenu wakuu. Ninaandika programu ya kuhifadhi vipimo vya zamani vya hali ya hewa, na nimekwama kwenye majira, yaani saa za kila mahali.

Kipimo cha Stockholm cha Julai 1941 kinasomwa kana kwamba saa za huko zilikuwa mbele ya UTC (saa ya kimataifa ya rejea) kwa saa 2. Si kweli. Sweden haikusogeza saa wakati wa vita, ilibaki saa 1 mbele. Waliosogeza ni Ujerumani, tangu Aprili 1940.

Nimefuatilia hadi kwenye hifadhidata ya tz yenyewe, ile ambayo kompyuta huitumia kujua saa za kila mahali duniani. Tangu toleo la 2022b, Europe/Stockholm (jina la saa za Stockholm humo) ni kiungo tu cha Europe/Berlin, kwa sababu miji hiyo miwili inalingana kuanzia 1970. Rekodi za Stockholm za kabla ya hapo zimehamishiwa faili la pembeni liitwalo backzone. Kinachoniumiza ni kwamba kosa halipigi kelele: programu haigomi, inakupa jibu safi lisilo sahihi.

Nimefikiria kuijenga upya hifadhidata pamoja na backzone, ila waandaaji wenyewe wanaonya kuwa mengi humo hayana vyanzo imara. Njia nyingine ni kuhifadhi saa kama ilivyoandikwa, pamoja na jina la mahali, bila kuigeuza kuwa UTC. Naielekea hii zaidi.

Aliyewahi kutumia backzone, je, masasisho yalikusumbua? Na kompyuta zikiwa na matoleo tofauti, mnahakikishaje majibu yanafanana?