Negativu za marehemu baba: nitenge za Rais na za mtaani, au niziache zilivyo?

BintiKaloleni

Hamjambo wazee wangu na ndugu zangu. Nina swali na nyumbani sina wa kumuuliza, ndiyo maana nimelileta hapa.

Baba alituacha mwaka jana mwezi wa nane. Alikuwa mpiga picha. Alianza na kamera ya kuazima pale Uhuru Park, Nairobi, Jumapili baada ya ibada, familia zikijipanga mbele ya maua. Baadaye akaajiriwa na ofisi moja ya serikali, akakaa huko hadi alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kufuata wakubwa: waziri akifungua zahanati, jiwe la msingi likiwekwa, harambee, gwaride la Jamhuri. Siku moja ofisi ilihamia jengo lingine, na makasha ya negativu, yaani filamu zilizokwisha kuoshwa, yakatolewa nje yakachomwe pamoja na faili za zamani. Baba aliomba, akaruhusiwa kwa mdomo tu, akaleta nyumbani alichoweza kwa mkokoteni. Ni mikebe 11, mingi ya biskuti, mingine ya maziwa ya unga. Imekaa juu ya kabati hapa Kaloleni tangu nikiwa darasa la nne.

Sasa kuna mnunuzi. Anataka za Rais na mawaziri peke yake, na bei aliyotaja si haba. Ndugu yangu mkubwa ana watoto watatu shuleni na simlaumu kwa kuifikiria hiyo pesa. Lakini usiku mmoja alichukua mkasi akakata kanda mbili, akatoa fremu zenye Kenyatta, na zilizobaki akaziacha mezani. Nilizikuta asubuhi zimejikunja kando ya kikombe cha chai.

Nimekaa na hizo zilizobaki wiki mbili. Nilichokuja kuelewa ni hiki. Filamu ya ofisi ilikuwa na fremu 36. Kazi ya wakubwa ikiisha kwenye fremu ya 20, baba hakukubali zile 16 zipotee bure. Alizimalizia njiani akirudi nyumbani kwa miguu. Ndiyo maana filamu moja inaanza na zulia jekundu na inaishia kwa mama anayechoma mahindi Landhies Road. Kuna daftari pia, la penseli, kila filamu na namba yake. Na. 212 imeandikwa hivi: "Msafara, Government Road. Baadaye njiani." Hayo maneno, baadaye njiani, yako karibu kila ukurasa.

Niwaeleze hiyo 212, kwa sababu ndiyo iliyoninyima usingizi. Baba amesimama upande wa stesheni ya reli, karibu na ilipo leo bustani ya ukumbusho ya tarehe 7 Agosti. Fremu ya 14: msukuma mkokoteni amesimamishwa na askari ili msafara upite. Amebeba magunia sita, na la juu limepasuka kwenye kona. Kuna mtu amempa bendera ya karatasi. Mikono yote miwili imeshika mpini, kwa maana akiuachilia mkokoteni utarudi nyuma, kwa hivyo bendera ameibana kati ya vidole viwili na imelala chini. Hatazami barabarani. Anatazama gurudumu la kushoto, ambalo mwenzake amelizuia kwa jiwe. Nyuma kabisa hoteli ya Hilton, ile ya mviringo, imekwisha kusimama, na jumba la mikutano la KICC bado lina kreni juu. Fremu ya 15 ni gari la wazi, Mzee Kenyatta amesimama, usinga hewani. Fremu ya 16 ni yule yule msukuma mkokoteni. Amegeuza uso, anaanza kusukuma, na bendera sasa ameishika kwa meno.

Ndugu yangu alikata hapo hapo, akachukua ya 15.

Naomba mniambie. Je, nizitenge, siasa mkebe wake na mtaa mkebe wake, kama anavyotaka mnunuzi? Mikebe mitatu inanuka siki kali, hiyo ni nini? Na sisi watoto tuna haki gani juu ya hizi picha, au ni za ofisi bado?

FundiWaChumbaChaGiza

Binti yangu, pole sana kwa kuondokewa na mzee. Nilifanya kazi River Road miaka 22 nikiosha filamu za harusi, za pasipoti na za watu wa magazeti, kwa hivyo nikuambie ninachokijua kwa mikono.

La kwanza, mwambie ndugu yako aweke mkasi chini leo hii. Kanda hizo usizitenge. Wewe mwenyewe umeshaona sababu: ya 15 bila ya 14 na ya 16 ni Rais anapita barabarani, na tunazo nyingi za namna hiyo. Zikikaa pamoja tunaona nani alisimamishwa ili apite, na alikuwa amebeba nini. Baba yako hakupiga picha tatu mbalimbali hapo.

Kama hiyo 15 bado haijauzwa, irudishe. Tazama ukingoni mwa filamu, karibu na matundu, utaona namba ndogo: 14, 14A, 15, 15A. Ziliwekwa na kiwanda. Kwa hizo namba unaweza kupanga upya hata ukanda uliokatwa vipande sita. Usiunganishe kwa gundi wala selotepu. Vilaze tu kwa mpangilio kwenye bahasha moja na uandike juu ya bahasha, kwa penseli, namba ileile ya daftari la mzee. Usibuni namba mpya. Daftari lile na negativu zikishapoteana, hakuna atakayejua tena kama huyo waziri alikuwa anafungua zahanati au kiwanda cha sabuni.

Ukingo huohuo utakusaidia pia kujua miaka. Ukiona ILFORD HP5, filamu hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya 1976, maana ndipo HP5 ilipotoka. HP4 ilitangulia mwaka 1965.

Sasa hiyo siki. Filamu za enzi hizo zimetengenezwa kwa asetati, aina ya plastiki. Zikikaa kwenye joto na unyevu, asetati inaanza kuoza na kutoa asidi, na asidi ileile ndiyo iliyo kwenye siki ya jikoni. Mkebe uliofungwa kabisa ndio mbaya zaidi, kwa sababu mvuke unabaki ndani na kuichoma filamu inayofuata. Toa mikebe hiyo mitatu leo, iweke chumba kingine mbali na minane iliyo salama. Zitoe negativu kwenye mkebe, ziweke kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, mahali pakavu na pa baridi. Si juu ya kabati chini ya mabati. Zinazonuka ndizo utakazoanza nazo kupiga nakala, kwa sababu zitasinyaa, picha itafanya makunyanzi na kubanduka, na hapo hakuna fundi wa kuirudisha. Huwezi kuponya siki. Unaweza kuichelewesha tu.

Usizioshe. Najua utatamani, ukiona vumbi na alama za vidole. Zishike kwa kingo, puliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, usipulize kwa mdomo. Kwa kutaka kujua kilichomo, kioo cheupe chenye taa nyuma na simu vinatosha. Kwa nakala ya kudumu tafuta skana ya filamu. Na ukipiga, upande unaong'aa uelekee kwako. Ukikosea, namba za magari zitasomeka kinyumenyume.

Nikuachie jambo moja. Priya Ramrakha, Mkenya wetu aliyepigwa risasi akafa kwenye vita vya Biafra, Nigeria, mwaka 1968 akiwa kazini na kamera, picha zake nyingi zililala kwenye gereji hapa hapa Nairobi karibu miaka 40 kabla jamaa yake hajazifikia. Zilikuwa za siasa za uhuru na za watu wa kawaida, zote pamoja. Zimetufikia kwa sababu hakuna aliyezipunguza. Mikebe yako iko katika hali ileile.

MtotoWaMuoroto

Dada, mwaka wa hiyo filamu Na. 212 unaweza kuubana zaidi. Hilton ilifunguliwa 1969 na KICC ikakamilika 1973. Kreni ikiwa bado juu, basi uko katikati hapo. Angalia pia magari. Namba isiyo na herufi ya mwisho ni ya zamani. Zile za KAA na herufi mwishoni zilianza mwisho wa miaka ya 80. Na barabara yenyewe mzee ameiandika Government Road, jina la kabla haijaitwa Moi Avenue.

Lakini sikuja kwa ajili ya hilo. Umetaja Landhies Road na kurudi Kaloleni kwa miguu. Baba yako alikuwa akipita kwetu. Nilizaliwa Muoroto, kile kijiji cha mabati na makaratasi karibu na stendi ya mabasi ya Machakos. Kilibomolewa Mei 1990, askari wa jiji walikuja alfajiri na tingatinga. Nimetafuta picha za Muoroto miaka mingi. Ninazopata ni za siku ya kubomolewa, moshi na watu wanaorusha mawe, na za wanasiasa waliozungumza baadaye. Sijawahi kuona hata moja ya siku ya kawaida. Mama aliuza uji pale kwenye kona ya kuingilia, sufuria kubwa imefunikwa kwa gunia lisipoe. Nyumbani hatuna picha yake hata moja ya wakati ule, kila kitu kilienda asubuhi ile.

Naomba tu uangalie kwenye daftari.

KaraniWaSheria

Pole kwa msiba. Kwa ufupi, ukienda kwa wakili ujue cha kuuliza.

Kuwa na negativu mkononi si kuwa na hakimiliki. Ni vitu viwili. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, picha iliyopigwa katika ajira haki yake huwa ya mwajiri, isipokuwa kama kulikuwa na makubaliano mengine. Kwa hivyo za msafara na zahanati zina swali. Za Jumapili Uhuru Park alizopiga kwa kamera yake kabla ya kuajiriwa ni jambo jingine, hizo zina mteja na zina mpiga picha. Zile za "baadaye njiani", filamu ya ofisi lakini hakutumwa na mtu, ndizo zitakazomfanya wakili akune kichwa. Ulinzi wa picha ni miaka 50, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa, ilipowekwa hadharani au ilipochapishwa mara ya kwanza, tarehe yoyote iliyo ya mwisho kati ya hizo. Ambayo haijawahi kuchapishwa usiidhani imekwisha muda wake.

Kuhamisha hakimiliki ni lazima kuwe kwa maandishi. Mnunuzi akileta karatasi yenye neno "haki zote", ndugu yako asitie sahihi. Na kama mzee alipewa ruhusa kwa mdomo, tafuta mwenzake wa kazi aliye hai aandike alichokiona siku ile makasha yalipotolewa. Fanya hivyo mapema.

Kuhusu pa kuzipeleka, ongeeni na watu wa Archives pale mkabala na jengo la zamani la Hilton, wanaotunza kumbukumbu za taifa. Mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili, uko mle hadi leo na watu wanauona. Mnaweza kukubaliana kuweka, kwa masharti mnayoandika nyinyi, na moja liwe kwamba filamu hazitenganishwi.

BintiKaloleni

Nimerudi. Asanteni sana, na mzee wa chumba cha giza Mungu akuweke.

Fremu ya 15 imerudi. Nilimsomea ndugu yangu majibu yenu kwa sauti, akanyamaza, kisha akaenda kwenye begi lake akaitoa kwenye bahasha ya benki. Tumezilaza tatu pamoja. Namba zinafuatana kama ulivyosema. Mnunuzi tumemwambia asubiri, na ameudhika. Mikebe ya siki iko jikoni kwa sasa, nami nalala na madirisha wazi. Kesho naenda kununua bahasha.

Kaka wa Muoroto, nilikaa na daftari hadi saa saba usiku. Na. 640, mwaka 1986: "Kamukunji, vibanda vya jua kali, wakubwa. Baadaye njiani, Muoroto." Fremu 19 ni za wakubwa, vitambaa vya meza, watu wakipiga makofi. Kuanzia ya 20 ni kwenu. Ziko 11.

Nimezitazama kwenye kioo na taa. Watoto wawili wanavuta gari la waya. Mtu ananyolewa, kioo kimetundikwa kwenye mlango wa mabati. Fremu ya 26 kuna mwanamke ameinama, sufuria kubwa, na kitambaa kizito kimeifunika hadi nusu. Siwezi kusema ni gunia, negativu imegeuza weupe na weusi na simu yangu haifiki karibu zaidi. Uso wake uko upande. Amevaa lesso yenye maua makubwa, na mkono wa kulia unampa kikombe mtu ambaye baba alimkata na ukingo wa picha, umebaki mkono wake tu.

Niandikie faraghani unieleze mama alivyokuwa, urefu wake, na alivyofunga kitambaa kichwani. Usiniambie zaidi ya hapo kwanza. Jumamosi nitakuwa na nakala, njoo Kaloleni uione mwenyewe, na kama mama yuko hai mje naye.