Rimu za 18 kwenye RAV4 ya kubebea kamba: zakaa au nimetegwa?

Bi Kamba, Malindi

Asalamu alaikum jamani. Nina RAV4 ya 2010, petroli, injini ya 2.4, gia ya CVT, ile inayojibadilisha yenyewe. Si gari ya harusi hii. Siku za bamvua naiteremsha Ngomeni alfajiri kuchukua kamba na kaa, narudi mjini na makasha matatu ya barafu nyuma, viti vimelazwa. Mpaka Gongoni sina neno. Ukishakata kuingia Ngomeni, huko kwenye mabwawa ya chumvi, ndiko mchezo unakoanza: masika ni tope linaloteleza kama sabuni, kiangazi ni mchanga mtupu.

Wiki mbili zilizopita nilizama karibu na madau yanaposhusha, maji nayo yanajaa. Kila nikikanyaga mafuta gari yajichimbia. Vijana walinisukuma, wakanitoza elfu moja mia tano, na nusu yao walisukuma kwa kicheko tu. Barafu ikayeyuka, maji ya kamba yakachuruzika kwenye zulia. Mpaka leo nikipita na madirisha wazi paka wanageuza shingo.

Sasa mwanangu wa pili, ana miaka 22 na ajua kila kitu, asema dawa ni rimu za inchi 18. Kapata seti kwa mtu, zimetoka kwenye X-Trail, zang'ara hasa. Kibandiko changu mlangoni kwa dereva kimeandikwa 215/70R16. Muuza tairi mmoja naye kaniambia niweke 245/70R16, "mama, itaingia tu." Hiyo "itaingia tu" ndiyo iliyonikosesha usingizi. Nipande mpaka wapi bila kukwaruza? Na hizo za X-Trail zakaa?

Fundi wa Maweni

Wa alaikum salaam mama. Mwambie kijana apumzike kidogo, twende taratibu.

Hiyo 215 ni upana kwa milimita. 70 ni urefu wa ukuta wa tairi, asilimia 70 ya huo upana, yaani sentimita 15 na nukta. 16 ni rimu kwa inchi. Ukijumlisha, tairi yako kutoka chini mpaka juu ni milimita 707. Ile ya 18 inayowekwa RAV4 za michezo ni 235/55R18, hiyo ni 716. Gawa kwa mbili, kwa sababu nusu ya ongezeko iko juu ya ekseli. Gari imeinuka milimita nne. Unene wa kidole haufiki! Na ukuta umepungua kutoka 15 hadi chini ya 13. Mchangani ukuta ndio unaolala na kutandaza tairi, na kwenye mashimo ndio unaookoa rimu isipinde. Kijana anakununulia urembo, anakuuzia kazi.

Rimu za X-Trail: mtego wake ni kwamba zinaingia. Nati tano, duara 114.3, sawasawa na Toyota. Lakini tundu la katikati la Nissan ni milimita 66.1 na kitovu cha RAV4 ni 60.1. Rimu haikalii kitovu, inaning'inia kwenye nati. Ukifika 80 usukani unaanza kutetema na utalipia balansi mara nne bila kupona. Kuna pete za kujazia ile nafasi, na kama huna pete usifunge. Nati nazo usichanganye: uzi wa Toyota ni 1.5, wa Nissan 1.25. Na kama rimu zako za sasa ni alumini za Toyota wenyewe, nati zake zina shingo iliyonyooka na washa bapa. Rimu ya Nissan inataka nati ya koni. Ukifunga ile ya washa kwenye tundu la koni, itakaza mkononi na kulegea njiani. Nimeshaona gurudumu likimpita mwenye gari.

Kisha geuza rimu usome nyuma, kuna namba ya ET, inayoonyesha rimu imekaa ndani au nje kiasi gani. Ikiwa ndogo kuliko ya yako kwa 20, rimu imetoka nje sentimita mbili nzima. Hapo madigadi ndiyo itakayokuambia.

Dereva wa Sala

Mimi ni dereva wa watalii, Malindi kwenda Tsavo Mashariki kwa lango la Sala, RAV4 kama yako. Hiyo 245/70R16 niliivaa. Sitaki mwingine aivae.

Kipenyo chake ni 749, yaani karibu asilimia sita juu ya 707. Siku ya kwanza barabarani nilijiona dereva wa jeshi. Siku ya pili nikapakia watu wanne na mizigo, nikakata kona kuingia petroli, nikasikia krrr, kama mtu anakwangua sufuria. Plastiki ya ndani ya madigadi ya mbele, upande wa nyuma wa gurudumu, chini pale mlango unapoanza, ilikuwa imeliwa. Ndani nako bega la tairi lilikuwa linalamba kikombe cha springi. Dashibodi ikisema 80, mimi niko karibu 85. Na hiyo CVT yetu ni mkanda wa chuma, tairi nzito huifanya igune kwenye kila kilima. Niliziuza kwa hasara baada ya miezi mitatu.

Sasa ninavaa 225/70R16, zile za njia mbili, lami na vumbi. Rimu zilezile. Kipenyo 721, asilimia mbili tu. Jirani yangu ana 235/70R16, ni 735, yeye anakwaruza akipinda usukani mpaka mwisho na gari ikiwa imejaa, hataki kukubali lakini mimi namsikia.

Usimwamini mtu, pamoja na mimi. Mwambie muuzaji akufungie moja tu mbele kulia. Paka chaki nyeupe ndani ya madigadi, watu wanne wapande, pinda usukani mpaka mwisho huku na huku, kisha peleka gari polepole juu ya tuta. Chaki ikifutika, rudisha tairi. Kwenye kikombe cha springi mimi nataka kiberiti kipite kwa ubavu.

Ila mama, na hili ndilo la kusikiliza: 225 itakuinua milimita saba. Hutatolewa mchangani na milimita saba. Ulikuwa na upepo kiasi gani siku ile?

Mjukuu wa Mambrui

Weka speisa na springi za kuinua, mambo yote yanaisha.

Fundi wa Maweni

Na bushi zinaisha, na shokabu zinaisha, na pesa ya kamba inaisha. Gari ya mzigo hiyo, yakhe.

Mama, mawili nilisahau. Zote nne ziwe sawa, aina moja na kulika sawa, kama gari yako ni ya kuvuta magurudumu manne. Zikitofautiana, kile kiungo cha nyuma kinafanya kazi mchana kutwa hata kwenye lami. La pili, ubavuni mwa tairi kuna namba nne ndani ya kijidirisha. 2319 ni wiki ya 23 mwaka wa 2019. Tairi nyingi za mtumba huku zina meno mazuri na mpira wa mzee.

Bi Kamba, Malindi

Upepo ulikuwa psi 34. Nilijaza makusudi kwa ajili ya mzigo, naona mmeshaanza kucheka.

Nimerudi kutoa habari. Yule wa "itaingia tu" nilimwomba anionyeshe namba za ubavuni, akaniambia mwanamke gani anasoma tairi. Nikasoma: 0815. Nikamwachia salamu zake.

Nimechukua 225/70R16 mpya kwingine. Zimeandikwa 103, mwenye duka asema ni kilo 875 kwa kila tairi, za zamani zilikuwa 100, kilo 800. Kwa makasha yangu hiyo niliipenda kuliko hizo milimita. Chaki tulipaka. Abiria wanne walikuwa mwanangu, shoga yangu, mumewe na gunia la mkaa. Haikufutika hata mahali pamoja, na kiberiti kilipita.

Jana bamvua, nikaenda. Kabla ya kushuka mchangani nikabonyeza vali kwa ncha ya ufunguo, nikapima, nikabonyeza, mpaka 18 kila moja. Tairi ikalala chini kama mtu aliyeshiba, mpaka nikaona haya, nikadhani nimeziharibu. Nikaenda gia ndogo, bila kukata kona kwa ghafla kwa sababu Dereva wa Sala alinipigia akaniambia tairi yaweza kuvuka rimu. Pale pale nilipozama, gari ikapita ikielea, makasha yamejaa. Wale vijana walikuwa wamekaa juu ya dau wakiningoja. Niliwapungia mkono.

Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la sigara ilichukua dakika sita kwa tairi moja kurudi kwenye 32. Mara nne. Nilikunywa chai na kumaliza mahamri mawili kabla sijapanda lami.

Na nimejua nikiwa nimekaa pale: siku ile hata tairi zangu za zamani zingetoka, lau ningezipunguza upepo.

Rimu za 18, kijana alikuwa ameshalipa nusu. Ziko barazani kwangu, paka kalala ndani ya moja tangu asubuhi. Mwenye X-Trail aniandikie.