Git: `merge --no-ff`, `rebase` au `merge --squash` kwa timu ndogo?

Kipanya88: Wakuu, tuko watano kwenye hifadhi moja ya Git (mfumo wa kutunza historia ya kodi). Tawi la kazi (mstari wa pembeni wa mabadiliko) huishi siku 2 hadi 4 kabla ya kurudi `main`, tawi kuu. Ukifungua mchoro wa historia, `git log --graph`, utadhani nyavu iliyonasa kwenye mwamba. Mnashauri njia ipi?

FundiNyuzi: Kwangu `merge --no-ff`. Inaacha komiti (hatua iliyohifadhiwa) ya muungano yenye wazazi wawili, kwa hiyo kazi nzima inatenguliwa kwa `git revert -m 1` na hashi (kitambulisho) ya muungano huo. Hiyo nyavu nayo ni suala la usomaji tu: jaribu `git log --first-parent main`, inafuata mstari wa `main` tu. Mtego wake: muungano ukishatenguliwa, kuliunganisha tena tawi lilelile hakurudishi komiti za mwanzo, maana Git inahesabu zimo tayari. Tengua kwanza ule utenguzi.

MwanaKodi: Kama matawi yenu yamejaa komiti za "rekebisha" na "rekebisha tena", `--squash` inazikunja kuwa moja. Ila Git haitajua kwamba tawi limeshaunganishwa. Kulifuta kwa `git branch -d` mara nyingi kutagoma, utumie `-D`. Na tawi hilo lifutwe palepale! Ukiendelea kulifanyia kazi, muungano wa pili unaweza kuleta migongano kwenye mistari uliyokwisha kuipeleka. Kwa kazi kubwa siipendi: `git bisect`, inayosaka komiti iliyoleta hitilafu, inakuonyesha komiti moja ya mistari 900, halafu utafute mwenyewe.

Shamba_la_Seva: Mnasahau `rebase`, inayozipanga upya komiti zako juu ya `main` ya sasa, na haigombani na `--no-ff`. Ukiwa kwenye tawi lako:

`git fetch origin`
`git rebase origin/main`

Pakigongana, rekebisha faili, `git add`, kisha `git rebase --continue`. Ukichanganyikiwa, `git rebase --abort`. Angalia sana unapochagua upande wa kubakiza kwenye mgongano: hapa `ours` ni upande wa `main` na `theirs` ni kazi yako, kinyume na `merge`. Watu wengi wamefuta kazi yao hapo. Mgongano uleule ukijirudia, washa `rerere.enabled`, Git ikumbuke ulivyoutatua. Mwisho, `git push --force-with-lease`: inalazimisha kupeleka, ila inagoma kama kuna kazi ya mwenzako ambayo hujaichukua.

Tawi ambalo mwenzako ameshalichukua usiliguse. Komiti zinapata hashi mpya, naye akivuta kwa `merge`, za zamani na mpya zinakaa pamoja maradufu.

FundiNyuzi: Nyongeza kwa mkuu hapo juu: kihariri cha kodi kinachofanya `fetch` chenyewe kwa nyuma kinaondoa kinga ya `--force-with-lease`. Ongeza `--force-if-includes`, ipo tangu Git 2.30.

Kipanya88: Kwa hiyo `rebase` kwanza, halafu `--no-ff`?

MwanaKodi: Ndiyo. Tawi la komiti moja au mbili, `--squash` inatosha. Na wote watano muweke `pull.ff` iwe `only`, yaani `git pull` igome kama inahitaji muungano; la sivyo, kwa aliyeweka `pull.rebase` iwe `false` au mwenye Git ya zamani, `git pull` itaendelea kuzalisha miungano isiyo na maana kila matawi yanapoachana. Nusu ya nyavu yako huenda imetokea hapo.