MJADALA: Kijana wa Arusha asome umeme au elektroniki?

Wadau, kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi wengi wa Arusha na Moshi wana neno moja kwa kijana: "Soma umeme, TANESCO ipo." Ukitaja elektroniki, wanamwona fundi redio wa kibandani. Mimi napinga.

Chuo cha Ufundi Arusha peke yake kina umeme, elektroniki na mawasiliano, umeme wa magari, vifaa tiba, hadi umeme wa maji. Kijana anachagua kwa kusikia jina tu, hajaambiwa kazi yenyewe ikoje.

Chukueni pampu ya kumwagilia kwenye shamba la maua kule Usa River. Mota imegoma. Fundi anapima umeme unaoingia: fezi zote tatu zipo, volti 400 kati ya fezi na fezi. Anaamua mota imeungua, inapelekwa kusukwa nyaya zake upya. Inarudi, inafungwa, haizunguki. Kumbe ubovu uko kwenye draivu inayoongoza mwendo wa mota. Ndani yake umeme wa AC (unaobadili mwelekeo) unageuzwa kuwa DC (wa mwelekeo mmoja) ya volti kama 560, halafu transista, yaani swichi za kielektroniki, zinaukatakata upya. Kapasita, vifaa vinavyohifadhi chaji humo ndani, zikichoka, draivu inajizima. Tena kapasita hizo hubaki na chaji hata swichi ikizimwa. Asiyelijua hilo akiingiza mkono anaweza kufa. Sasa hapo umeme unaishia wapi na elektroniki inaanzia wapi? Inveta za sola ni hivyo hivyo.

Mtaniambia aliyesoma umeme akipata leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, anafunga umeme kwenye nyumba za watu na kula jasho lake mapema. Hilo sibishi. Pia njia ya kilovolti 400 kutoka Singida kupitia Arusha hadi Namanga inataka watu wa transfoma. Lakini rilei za kulinda njia kama hizo, vifaa vinavyogundua hitilafu na kuamuru umeme ukatwe, siku hizi ni za kidijitali, yaani elektroniki tena.

Kwa hiyo anayependa kufuatilia hitilafu hatua kwa hatua aende elektroniki bila woga, na mzazi asimkatishe tamaa. Anayependa nguzo na transfoma asome umeme, ila somo la elektroniki asilisome kwa ajili ya mtihani tu.

Wenye viwanda na mashamba, tunawahitaji hapa: mota ikigoma usiku mnampigia nani, na huyo alisomea nini?